Miti ya Mama Waya

"Ndiyo, bosi. Nimeshaimwagilia tangu asubuhi," alisema Mama Waya, kisha akainamisha macho.

Alikuwa na umri wa kunizaa. Hakuwahi kuniita bosi kabla ya siku ile, na mimi sijawahi kuwa bosi wa mtu. Ni fundi miwani, nina meza, taa na kiti kimoja cha mteja. Lakini muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemwonyesha mgeni wangu kwa kidole nikasema, "Huyu ndiye mama anayenisaidia kumwagilia miti yangu." Angeweza kunivua nguo palepale. Badala yake akanisitiri, na hadi leo sijui adhabu gani ingeniuma kuliko ile.

Miti haikuwa yangu. Hata mmoja.

Mambo yalianzia kwa dada yangu, aliyekuwa amechoka kuniombea nioe. Aliniingiza kwenye mtandao wa kutafuta wachumba ambao sehemu ya ada yake huenda kwenye makao ya watu wasio na pa kulala. "Ukikosa mke," aliniambia, "angalau kuna mtu atapata blanketi." Wanachama waliombwa, wakipenda, watoe Jumamosi moja kusaidia pale makaoni. Nilikwenda. Nikamenya viazi nusu ndoo, mgongo ukauma, nikatoka uani kujinyoosha.

Huko ndiko nilikoiona: miti sita juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali, mingine ndani ya bakuli zenye ufa, mmoja ndani ya kopo la samaki. Mmoja ulikuwa mkuyu kamili, shina limekunjamana, mizizi imelikumbatia jiwe, na bado ungeweza kuubeba kwa kiganja. Mwenyewe alikuwa amechuchumaa mbele yake na koleo, analizungushia tawi lake waya wa shaba alioutoa kwenye nyaya kuukuu za umeme, ili lijipinde atakavyo. Watu wa pale walimwita Mama Waya. Zamani alikuwa mshonaji, mpaka macho yalipoanza kuikataa sindano, wateja wakapungua, na chumba alichopanga kikapata mpangaji mwingine.

"Huu una miaka kumi na moja," aliniambia. "Nimelala nao sehemu ambazo wewe usingemlaza mbwa."

Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umevunjika, ameufunga kwa waya uleule. Niliona. Mimi, fundi miwani, niliona, nikatoa simu na kuupiga mti picha.

Nikaiweka picha kwenye ukurasa wangu wa ule mtandao. Sikuandika kwamba mti ni wangu, niliandika neno moja tu, "Subira." Jioni hiyohiyo akaniandikia mwanamke mmoja, mwalimu wa watoto viziwi. "Una miaka mingapi?" aliuliza. Nikajibu, "Mimi au mti?" Akacheka. "Mti una kumi na moja," nikasema. Ulikuwa ukweli mtupu, na juu ya ukweli huo mmoja nikajenga ghorofa nzima ya uongo. Kwa miezi miwili nilimsimulia habari za kupogoa na kubadilisha udongo, mambo niliyokuwa nimeyasoma dakika chache kabla ya kuandika. Alipotaka kuiona miti, nilimwambia chumba changu hakipati jua, kwa hiyo nimeiweka kule makaoni, wale watu nao waburudishe macho. Nilijisikia mkarimu nilipoandika hivyo. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Siku niliyompeleka mwalimu makaoni, nilitegemea kwamba Mama Waya atakuwa ndani, kwenye chakula. Hakuwa ndani.

"Shikamoo, mama," mwalimu alimwamkia, kisha akanigeukia. "Huu waya unaufungua lini?"

"Inategemea," nikasema.

Mama Waya akasema taratibu, "Kabla gome halijaanza kuumeza. Ndivyo bosi alivyonifundisha."

Mwalimu aliitazama mikono ya yule mama: ncha za vidole zilizokuwa nyeusi kwa shaba, makovu membamba kwenye viganja. Kisha akaitazama yangu. Hakuna aliyewahi kunitazama mikono kwa muda mrefu hivyo. Niliitia mfukoni.

Aliongea tulipofika getini. "Wanafunzi wangu hawasikii. Nimezoea kusikiliza mikono." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ungeniambia mti si wako, ningecheka tukaendelea. Lakini umemwacha mama wa watu akuite bosi."

Akaenda zake. Nilibaki nimeshika komeo la geti kama mtu aliyetumwa kulilinda.

Nilifuta ukurasa wangu. Dada alipouliza mambo yamefikia wapi, nilimwambia hatukuendana, yaani nikaongeza uongo mwingine juu ya ule. Jumamosi mbili zilipita nikijipa kazi dukani. Ya tatu nikaenda makaoni na hotuba kichwani.

"Mama, nimekuja kukuomba…"

"Umekuja kumenya viazi au umekuja kusamehewa?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Viazi viko jikoni. Hicho kingine sina leo."

Nikaenda kumenya. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona mwalimu amechuchumaa uani kando ya yule mama, ameshika koleo, anafundishwa. Kumbe alikuwa amerudi tangu wiki iliyofuata ile ya kwetu, na hakurudi kwa ajili yangu. Aliinua uso akaniona, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na waya wake.

Jumamosi zikaenda hivyo, wao uani, mimi jikoni. Siku moja Mama Waya aliweka miwani yake kando ya karai langu la maganda na kurudi kwenye miti yake. Nikamtengenezea. Hakuniambia asante, na sikuwa na uso wa kuingoja.

Mwaka uliofuata makao yalimpatia chumba chenye kibaraza, ghorofa ya tatu. Tukamhamisha sisi wachache. Mimi nilipewa mkuyu niubebe. Kwenye ngazi tulipishana na jirani, mzee aliyevaa suti. Akasimama, akavua kofia kabisa.

"Ajabu hii! Ni kazi yako, kijana?"

Nilijibu kwamba hapana, ni ya mama anayehamia juu. Ndivyo nilivyojibu. Lakini nilichelewa. Haikuwa hata pumzi moja, ila nilichelewa, na katika ule upenyo niliisikia "ndiyo" ikipanda hadi kooni.

Mwalimu alikuwa ngazi mbili nyuma yangu, amebeba godoro begani. Alisubiri tu nipande.