Kiwanja Kinachokunywa kwa Chini

Kwa miaka kumi na tisa, Baltazar alikuwa akiamka na swali moja tu: upepo wa ziwa leo umeamkaje? Yeye ndiye aliyekuwa mtunza kiwanja wa klabu ndogo ya tenisi mjini Musoma. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha udongo mwekundu, na udongo ule ukikauka tu, upepo unaubeba. Kwa hiyo asubuhi alimwagia maji, saa sita akamwagia, na jioni kabla wachezaji hawajafika akamwagia tena, mpira wa maji umemlalia begani kama chatu. Akichelewa nusu saa, vumbi liliruka ukuta na kutua kwenye kamba ya nguo ya Mama Boke, jirani ambaye hakujaliwa kipaji cha kunyamaza.

"Baltazar!" sauti ilikuwa ikivuka ukuta. "Shuka zangu zilikuwaga nyeupe!"

Aliona haya, lakini fahari yake ilikuwa kubwa kuliko haya. Nani mwingine Musoma nzima alijua kumwagia kiwanja bila kukifanya tope?

Ndiyo maana klabu ilipomwita Enoka, injinia kijana kutoka Bunda, aje akijenge upya kiwanja kilichochoka, Baltazar aliusogelea mchoro kwa mashaka. Chini kabisa kulikuwa na nailoni nzito, juu yake mabomba yenye matundu, halafu mchanga, na juu unga wa matofali ya kuchoma.

"Na mpira wangu wa maji unapita wapi hapa?"

"Haupo, mzee. Hatumwagii tena kwa juu. Jua na upepo vinakunywa nusu ya maji kabla udongo haujayaonja. Sasa maji yatakaa chini, na udongo utayavuta wenyewe."

"Yapande bila pampu?"

"Yapande bila pampu."

Baltazar alimtazama kwa huruma, akavaa kofia yake.

Wiki hiyohiyo walikwenda Butiama kutafuta matofali. Mchomaji wao alikuwa Gati, mwanamke mwenye mikono mipana na kicheko kilichotangulia maneno yake. Enoka alipomwambia wanataka yale yaliyovunjika, Gati alidhani anataniwa.

"Vipande? Hivyo navimwagaga kwenye mashimo ya barabara!"

"Tunavisaga, mama. Unga wake ndio unaotandazwa juu ya kiwanja."

Baltazar hakuvumilia. "Huyu kijana anasema pia maji yatapanda yenyewe kutoka chini. Mwambie na wewe, mama, maana mimi hanisikii."

Gati akacheka. Aliingia ndani, akatoka na beseni lenye maji ya kufika kwenye kifundo cha kidole, akasimamisha tofali moja kavu katikati yake. Kisha akawakaribisha uji. Walipomaliza vikombe vyao, alimshika Baltazar mkono na kuuweka juu ya lile tofali, karibu na ncha ya juu. Lilikuwa baridi. Lilikuwa limelowa.

"Tofali lina kiu, mzee," Gati alisema. "Mimi nimeliona hili tangu niko msichana, ila sikujuaga kama lina kazi."

Baltazar aliligeuza tofali, akalitazama kila upande kama anayetafuta pampu iliyofichwa. 

Kazi ilipoanza, hakuna aliyemshinda bidii. Unga uliposagwa, aliusugua kati ya vidole. Uliotoka kwenye matofali ya pembeni mwa tanuri ulikuwa laini mno, ungegeuka tope. Wa matofali yaliyokaa karibu na moto ulikwaruza kama kioo. Akachagua ya katikati, na Enoka akakubali bila kubisha. Unga ukachekechwa, ukatandazwa, ukashindiliwa kwa rola hadi kiwanja kikang'aa kama ndani ya chungu.

Wakafungulia maji.

Siku ya tatu mambo yaliharibika. Upande wa ziwani kiwanja kilikuwa laini kama ugali usioiva, na upande wa getini kilikuwa vumbi lilelile la zamani. Enoka alikaa juu ya rundo la kokoto, kichwa mikononi.

"Tufukue chote," alisema. "Nitawaambia nini watu wa klabu?"

Baltazar angeweza kucheka. Wiki sita nyuma angecheka. Badala yake alivua viatu, akaanza kutembea pekupeku kutoka getini, polepole, akisikiliza kwa nyayo. Kavu. Kavu. Ubaridi kidogo. Unyevu mzuri, hapa katikati. Kisha tope likamfunika vidole.

"Injinia," aliita, "kiwanja kimeinama kuelekea ziwani?"

"Kidogo tu. Ili mvua ikinyesha maji yatoke."

"Basi hata kule chini maji yameinamia hukohuko. Mimi nimezaliwa Kibara. Mama yangu alikuwaga na shamba la mpunga kwenye mteremko. Ungemwambia aweke jaruba moja kubwa angekufukuza! Alikata majaruba madogo, kila moja na tuta lake, kila moja na maji yake."

Enoka aliinua kichwa. Alitazama kiwanja, akamtazama mzee aliyesimama kwenye tope, akaruka kutoka kwenye kokoto. "Majaruba!" alipiga kelele. "Mzee, majaruba!"

Hawakufukua kiwanja chote. Walichimba mitaro mitatu ya kukingama, wakasimamisha kuta za nailoni chini kwa chini, wakapata vipande vinne, kila kimoja na kisanduku chake cha maji na koki yake. Baltazar ndiye aliyepanga kimo cha maji katika kila kisanduku, akipima kwa upana wa vidole vyake. Siku mbili baadaye alitembea tena pekupeku, kutoka getini hadi ziwani, na nyayo zake hazikuonja tofauti. Alisimama pale mwisho, akamwita Enoka na vibarua waje wahakikishe, maana hakujiamini.

Wiki ya pili Mama Boke alichungulia getini, uso umejaa wasiwasi.

"Mmefunga klabu? Naona nguo zangu safi, nikasema labda kuna msiba."

Walicheka hadi rola ikabidi isimame.

Mashindano kati ya Bunda na Musoma yalichezwa siku yenye upepo mkali, na wachezaji waliteleza kuifuata mipira bila wingu la vumbi nyuma yao. Bunda walishinda. Enoka alijaribu kuficha furaha yake, akashindwa.

Jumatatu iliyofuata Gati alileta unga wa kuongezea, akamkuta Baltazar ameketi kwenye benchi saa sita mchana, saa ambayo kwa miaka yote alikuwa akiburuta mpira wa maji.

"Huna kazi?"

"Nimefungua koki nne. Imekwisha." Alisita, akaokota raketi mbili zilizoachwa kwenye benchi. "Mama Gati, unajua kitu? Sijawahi kucheza hapa hata siku moja."

"Mimi sijawahi kucheza popote."

Gati alivua viatu, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Baltazar alirusha mpira juu, akapiga kwa nguvu zake zote, akaukosa. Mpira ulimwangukia kichwani. Gati alicheka mpaka akaegemea wavu.

"Rudia!" alimwambia. "Rudia, mzee, huo sikuuona vizuri!"

Akarudia. Safari hii mpira ulivuka, ukadunda kwenye wekundu ule wenye unyevu, na Gati akaukimbilia.