Jiko la Bandani

Katika nyumba ya Ornella Bortolin, haikuwa busara kukipenda kiti. Jumamosi ungekikalia, Jumapili kingeuzwa, na Jumatatu asubuhi mumewe Murray angekunywa kahawa amesimama, akitazama mahali ambapo jana yake palikuwa na meza.

"Mke wangu, leo tumebakiwa na nini?"

"Umebaki wewe," Ornella angemjibu. "Bado sijapata mnunuzi."

Ornella aliuza vitu vya zamani: makoti ya sufu, blanketi, taa za mafuta, vyombo vya jikoni. Alivinunua kwenye minada ya mashamba na katika nyumba za marehemu, kisha akavitengeneza kwa subira. Shaba aliisugua kwa limau na chumvi. Droo iliyokwama aliipaka nta ya mshumaa. Koti alilinusa kwapani kabla ya kutazama kola, kwa maana kola hudanganya, lakini kwapa husema kweli. Mali yote hiyo ilikaa katika banda la gari nyuma ya nyumba, ambamo gari halikuwahi kuingia hata siku moja. Wateja wa Myrtleford, mji wao wa kusini mwa Australia, na wa miji ya jirani waliingia humo wakipenya kiubavu, maana nafasi ya kupita haikuwapo.

Majira ya majani kupukutika ndiyo yaliyomlisha. Mwezi wa Aprili, ukungu unapolala bondeni mpaka saa nne na mipopla ya kando ya mto inapogeuka njano, hata bahili hukumbuka kwamba hana koti. Familia nayo ilikuwa na starehe zake za msimu. Walikwenda kwenye misonobari kuchuma uyoga wa rangi ya chungwa. Waliokota chesnati, kokwa tamu za kuchoma, barabarani, ambako miiba ya maganda yake huwachoma wenye haraka. Waliwasha moto wa kwanza wa mwaka, wakabishana juu ya nani aliyesahau kununua kiberiti.

Mwaka huo walikuwa na mtu mmoja zaidi wa kubishana naye. Mama yake Ornella, Bi Nives, alikuwa ameuza shamba ambalo yeye na marehemu mumewe walililima tumbaku tangu walipofika kutoka Italia. Nyonga yake ilikuwa imechoka na ngazi. Mwezi wa Februari alihamia kwa binti yake, akapewa chumba kinachopata jua la asubuhi. Akapewa na jiko.

Jiko hilo lilikuwa fahari ya Ornella. Lilikuwa na meko ya enameli ya rangi ya maziwa, rafu za mbao zenye mitungi ya kioo iliyopangwa kwa ukubwa, na sufuria za shaba zilizoning'inia kama mapambo. Watu walisimama mlangoni kulipiga picha.

"Mama, hili sasa ni jiko lako," Ornella alisema siku ile ya kwanza.

Bi Nives alilitazama kutoka kizingitini. "Zuri," alisema. "Kama kanisa."

Vilibaki vitu vya shambani. Ornella alichagua vile vilivyopendeza, akamwuliza mama yake kuhusu vingine.

"Uza," alisema Bi Nives. "Nitavifanyia nini?"

Basi akavipeleka kidogo kidogo kwenye soko la Jumapili, katika uwanja wa shule. Kulikuwa na sufuria za alumini ambazo mtoto angeweza kuogeshwa ndani yake. Kulikuwa na jiko la gesi la miguu mitatu, jeusi kwa moshi, na mashine ya kukamua nyanya ambayo mpini wake ulifungwa kwa waya. Kulikuwa na meza iliyojaa alama za visu. Ornella hakutarajia kuuza hata kimoja. Lakini kila Jumapili walikuja akina mama wazee, wakanunua bila kuteta juu ya bei, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze biashara. Aliyenunua zaidi ni Bi Pierina, rafiki wa mama yake tangu enzi za kuchuma tumbaku.

"Bi Pierina, mashine za nyanya si unazo mbili nyumbani?"

"Hizo mbili sasa zimepata mdogo wao. Nifungie, mwanangu, usinihoji kama polisi."

Ornella alifurahi. Alidhani ameanza kuelewa soko jipya.

Nyumbani hakufurahi. Bi Nives, ambaye maishani mwake hakuwahi kukaa mbele ya sahani iliyopikwa na mtu mwingine bila kuikosoa, sasa alikula mkate wa kuchoma na chai, akasema ameshiba. Hakupika. Aliketi karibu na dirisha, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Jioni moja, walipokuwa wakimenya chesnati, alisema, "Renzo ameniita Perth. Pasaka ikipita, nitakwenda kwa kaka yako."

Kisu cha Ornella kilisimama. Perth iko upande wa pili wa nchi. Mtu wa umri ule akienda huko, hurudi kwa mazishi tu.

"Mama, kwani hapa umekosa nini?"

"Sijakosa kitu. Chumba kizuri, mkwe mzuri, mjukuu mzuri. Nani analalamika?"

"Basi kwa nini uondoke?"

"Renzo ana bustani," alisema mzee, akaendelea kumenya.

Asubuhi, binti yake Gemma, ambaye alikuwa sekondari na aliona mengi kuliko alivyosema, alimnong'oneza huku akivaa viatu: "Ni vibandiko, Mama. Juzi Bibi alitaka kukoroga supu, akageuza mwiko akakuta bei. Akaurudisha taratibu kama ameiba."

Ilikuwa kweli. Nusu ya vyombo vya jikoni mle vilikuwa na vibandiko vya bei, kwa kuwa mteja akikipenda kitu jikoni, Ornella hakuona sababu ya kumkatalia. Siku hiyo hakufungua biashara. Alibandua vibandiko vyote, akaosha gundi kwa maji ya moto, akamwita mama yake.

"Tazama, Mama. Hakuna kinachouzwa humu. Pika unachotaka."

Bi Nives alimpapasa shavu. "Wewe mtoto una moyo."

Akachemsha yai moja. Akalila. Akaosha kijisufuria, akakikausha, akakining'iniza tena, akihakikisha mpini unaelekea upande uleule. Ornella, aliyekuwa akichungulia kutoka ukumbini, alikwenda kujifungia bafuni na kulia kimyakimya.

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, lilibaki jiko la miguu mitatu. Bi Pierina alikuwa amelilipia lakini hakuweza kulibeba, na Murray aliahidi kulipeleka Jumamosi. Alhamisi, Ornella alikuwa akipita karibu na nyumba ya Bi Pierina, akaona ni afadhali alifikishe mwenyewe. Mama yake hakuwapo nyumbani. Kila Alhamisi alikwenda kanisani kusali rozari.

Hakuna aliyeitika mlangoni. Nyuma ya nyumba, kutoka banda la gari, ilisikika sauti ya mwanamke akicheka mpaka anakohoa. Ornella aliijua sauti hiyo. Hakuwa ameisikia tangu Februari.

Akaweka jiko chini, akasukuma mlango.

Bi Nives alikuwa amesimama katikati ya banda, mikono ya gauni imekunjwa, aproni imejaa madoa, akisukuma uyoga kwa mwiko katika sufuria kubwa ya alumini juu ya jiko dogo la Bi Pierina. Gazeti lilitandazwa sakafuni, likiwa na majani ya misonobari na udongo. Bi Pierina, katika viatu vya shambani, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akikata vitunguu saumu. Na kila kitu kilikuwa mahali pake: mashine ya nyanya kushoto, meza yenye alama za visu ukutani, upawa kwenye msumari, kama lilivyokuwa banda la shambani.

"Mama! Si uko kanisani?"

"Mungu anajua nilipo," alisema Bi Nives bila kugeuka. "Funga mlango, baridi inaingia."

"Hivi vitu nimeuza mimi!"

"Ndiyo. Kwa pesa zangu."

Ornella alimtazama Bi Pierina, ambaye ghafla aliona vitunguu vinahitaji uangalifu mkubwa.

"Umenunua vitu vyako mwenyewe? Kutoka kwangu?"

"Na hukunipunguzia hata senti," alisema mama yake. "Wewe ni mfanyabiashara mkali. Baba yako angejivuna."

"Mama, ungeniambia, ningekupa bure!"

"Ungenipa bure, halafu ungeniuliza nitaviweka wapi."



"Mwambie, shoga," alisema Bi Pierina. "Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sina adabu."

Bi Nives alizima moto. Akajifuta mikono.

"Mwanangu, jiko lako ni zuri. Ni jiko la kumkaribishia padri. Sisi tulikuwa nalo kama hilo ghorofani, unalikumbuka, tulilifunika nailoni. Lakini nani aliishi mle? Kwako nitamwaga wapi maji ya nyanya? Huyu mchafu nitamkalisha wapi?"

"Mchafu mwenyewe," alisema Bi Pierina.

"Kila nikigusa kitu naogopa nitakiharibu. Na ni riziki yako, sikulaumu. Lakini wenye busara walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi tangu Februari napewa maua mezani."

Ornella alikaa kwenye mfuko wa viazi. Alikumbuka vizuri. Nyumba zote za Waitalia bondeni zilikuwa na majiko mawili: la ndani, safi, kwa ajili ya daktari na padri, na la bandani, ambako watu walipika, walikula, waligombana, na watoto walifanya kazi za shule huku nyanya zikichemka. Shuleni walimcheka kwamba kwao wanakula na trekta. Akiwa na umri wa Gemma aliapa kwamba nyumba yake itakuwa na jiko moja tu, nalo zuri. Akatimiza kiapo. Yeye aliyejipatia mkate kwa kujua kilichokuwa na thamani katika nyumba za watu wengine, katika nyumba ya mama yake alikuwa amebeba jiko la nailoni na kuliuza lile lenye uhai.

"Kwa Renzo kuna banda?" aliuliza hatimaye.

"Kuna barbakyu ya kuchomea nyama uani," alisema Bi Nives kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. "Lakini ananiacha nilime."

"Na bandani kwangu hata paka hapiti."

"Ndiyo. Na ni msimu wako wa makoti. Sikuombi kitu, Ornella. Onja uyoga."

Aliuonja. Ulikuwa na chumvi ya kutosha, na mchanga kidogo, kama ipasavyo.

Jioni, alisimama na Murray katika jiko la enameli. Alimweleza yote. Murray alisikiliza huku akila mkate, kisha akazungusha macho kwenye mitungi iliyopangwa, sufuria zilizong'arishwa, mwanga laini wa taa ya zamani.

"Nikwambie ukweli, hutakasirika?"

"Nitakasirika. Sema."

"Hili ni duka, mke wangu. Siku zote lilikuwa duka. Sisi ndio tulikuwa tunapika dukani."

Hakukasirika. Alitazama tena, safari hii kwa jicho la mteja, akaona ni kweli, na kwamba makoti yangekaa vizuri sana kwenye ukuta ule wa mashariki.

Jumamosi walihamisha. Makoti, taa na blanketi viliingia ndani. Wateja waliofika asubuhi walijikuta wakisaidia kubeba, na mmoja alinunua koti alilokuwa amelibeba, akidai limemzoea. Chumba cha kuogea kilijaa viti. Gemma alilalamika kwamba sasa atapiga mswaki mbele ya wageni. Ornella alifagia banda mpaka saruji ikaonekana, na Murray akavuta bomba la maji na kufunga sinki kuukuu la kufulia. Kisha likaja gari la mpwa wa Bi Pierina, likiwa limebeba sufuria, meza, mashine ya nyanya na Bi Pierina mwenyewe, aliyekaa nyuma akilishika jiko la miguu mitatu lisianguke.

Bi Nives aliingia akiegemea fimbo. Hakusema "zuri". Alizunguka polepole, akigusa kuta.

"Sinki liko chini mno. Nani alilifunga, mbilikimo?"

"Mimi, Mama," alisema Murray.

"Na taa iko nyuma yangu. Nitakuwa nakata kivuli changu?"

"Nitaihamisha, Mama."

"Ornella, mbona umesimama? Hilo gazeti halitajitandaza. Gemma, maji. Ugali wa njano haupikwi kwa kutazamana."

Ornella alitandaza gazeti. Alipoinama aliogopa kumtazama mama yake usoni, kwa sababu bado hakuna aliyetamka neno Perth. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua lilifika mpaka mlangoni, na ugali ulianza kutokota na kurusha matone ya moto yaliyowafanya wote warudi nyuma isipokuwa mpishi. Bi Nives alikoroga, akakoroga, kisha akainua macho kwenye boriti za paa, akazichunguza kama mtu anayepima kitambaa.

"Murray, hizo boriti ni imara?"

"Imara sana, Mama. Kwa nini?"

"Nimemwambia mpwa wa Pierina atuwekee nusu nguruwe. Soseji tunatengeneza mwezi wa sita baridi ikikaza, halafu lazima zining'inie mpaka mwezi wa tisa zikauke." Akaelekeza mwiko juu. "Nipigilie misumari pale, na pale, na mstari mzima ule. Ila usipige leo, vumbi litaniingilia kwenye sufuria."