Kona ya Saba

Mtu akikuambia alipotea ndani ya michoro yangu, anakudanganya. Nilichora njia moja tu. Unaingia, unazunguka kulia, unarudi kushoto, kona kumi na moja, unafika katikati, kisha unageuka na kutokea ulikoingilia. Hakuna njia panda. Hata mlevi wa chang'aa hutoka, mradi afuate chokaa.

Ya kwanza niliichora Migori mwaka wa 1965, kwenye uwanja wa soko. Nilikuwa nimepewa chokaa nipake mawe ya kando ya barabara kwa ajili ya Madaraka. Mawe yakaisha, ndoo mbili zikabaki. Mimi Mokaya ni fundi wa vibao. Ukiona HOTELI imeandikwa vizuri kati ya Migori na Homa Bay, huo ni mkono wangu. Ukiona HOTERI, muulize mwenzangu wa kule stendi. Basi nikapigilia kigingi, nikafunga kamba, nikachora mizunguko mpaka chokaa ikaisha. Wachuuzi wakaiita Utumbo, maana ilifanana na matumbo ya ng'ombe yaliyomwagwa chini. Watu wakaacha kununua ndizi wakaja kutembea.

Siku ya tatu ndipo nikaona jambo. Bonareri, muuza ndizi, alipofika kona ya saba aliinua mguu juu, kama anavuka kitu.

"Dada, umeruka nini pale?"

"Niruke nini? Mimi mbuzi?"

"Umeinua mguu."

"Na wewe umekosa kazi, unakagua miguu ya wanawake!"

Tukacheka. Lakini nyuma yake akaja askari, naye akainua. Akaja mama mwenye gunia kichwani, asiyeweza hata kuona vidole vyake vya miguu. Akainua. Nikawauliza wote, wote wakakana. Nikaenda na ufagio nikafagia ile kona. Udongo mtupu.

Nikajiambia ni ardhi, labda pana kibonde. Kwa hiyo nilipoitwa Homa Bay kuandika vibao, nikachora nyingine kwenye sakafu ya saruji ya soko la samaki karibu na gati, mahali palipo sawa kama meza. Asubuhi wavuvi wakaingia mmoja mmoja, wakitaniana. Kona ya saba, mguu juu. Ardhi nyingine, watu wengine, mguu uleule.

Hapo nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka ni wapi nilikozoea kuinua mguu hivyo.

Mwaka wa 1962 nilichimba dhahabu kule Osiri pamoja na Zadock, Mjaluo wa kisiwa cha Mfangano, rafiki yangu. Handaki letu lilipindapinda kufuata mwamba. Mahali fulani gogo la kuegemeza paa lilikuwa limeanguka likalala njiani, na kila mpita njia alilivuka gizani bila kufikiri. Nilihesabu kona kwa vidole. Ilikuwa ya saba. Mkono wangu ulikuwa umechora handaki, mimi nikidhani unachora pambo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Siku moja maji yakaanza kuingia, tukatoka mbio, nyapara akaita majina. "Zadock yuko wapi?" Mimi, na huu mdomo wangu, nikasema, "Amevuka mpaka, ameoa Musoma!" Watu wakaangua kicheko. Nyapara akaandika hivyo hivyo, na mlango wa shimo ukafukiwa siku ileile. Nilidhani kweli ametoroka kazi, kwa sababu alikuwa mvivu kama mimi. Jioni nikaona shati lake limetundikwa kwenye msumari, pale tulipoyaacha mashati kabla ya kushuka shimoni. Nikanyamaza. Utani wangu ukafika Mfangano kabla yangu, na tangu hapo mkewe, Milka, akawa mwanamke aliyeachwa. Wenzake walimwimbia Musoma kila alipopita.

Na Milka huyo huyo ndiye aliyekuja gati asubuhi ile, na beseni la samaki.

"Jakisii!" akaniita, kama Wajaluo wanavyotuita sisi Wakisii. "Nasikia umechora utumbo unaotembeza watu."

"Shemeji, usiingie. Chokaa bado mbichi."

"Wote wameingia, mimi ndiye nitaichafua?" Akaweka beseni chini, akavua viatu.

Alitembea taratibu. Kona ya saba, akainua mguu. Kona ya tisa akainama, kama mtu aliyeshukiwa na paa, na jua lilikuwa kali juu yake. Alipofika katikati alinyoosha kiganja mbele, kikasimama hewani kana kwamba kimegusa ukuta.

"Shemeji," akasema, "nani anagonga?"

"Hakuna anayegonga."

"Anagonga polepole. Kama amechoka."

Mimi sikusikia kitu, naapa. Lakini nilijua nikikaa kimya tena, mwanamke huyu atasimama pale na kiganja chake mpaka azeeke. Nikaingia. Kwenye kona ya saba niliukaza mguu chini kwa nguvu zangu zote, nao ukainuka wenyewe.

"Zadock hakwenda Musoma," nikamwambia. "Hajapata kwenda. Nilisema kwa utani, wakaandika. Jioni nikaona shati lake, nikanyamaza."

Hakunipiga. Aliuliza, "Shati gani?"

"La bluu. Kola imeshonwa kwa uzi mweupe."

"Uzi ule niliushona mimi."

Kisha akapiga nduru. Alilia katikati ya soko la samaki kama mjane, kwa haki ya mjane, na wanawake waliomwimbia Musoma wakaacha mizani zao wakaja kulia naye.

Kwa Wajaluo, mtu asiyepatikana mwili huzikwa kwa tunda la yago, lile refu linaloning'inia mtini kama soseji. Nami nikaenda Mfangano, maana singeweza kutokwenda. Yago ni zito kidogo, lakini mwanamume mmoja hulibeba kwapani. Hili lilizungushiwa shuka, na wanaume wawili walipoliinua, magoti yakawakunjika. Wakaja wengine wawili. Kutoka nyumbani hadi kaburini ni hatua hamsini, na tulipumzika mara tatu.

Mara ya tatu kaka yake Zadock, mzee Onyango, akanitazama kwa muda mrefu.

"Jakisii," akasema, "shika upande wa kichwa."

Nikashika. Ulikuwa na joto.