Kichuguu cha Makaburini

Hivi, wewe umewahi kupigwa kwa mpini wa jembe makaburini, mchana kweupe, kwa kosa la kutafuta mtandao? Falesi Nkhoma alipigwa, na aliyempiga alikuwa baba wa wanafunzi wake wawili.

Miaka sita Falesi alifundisha darasa la pili kijijini kwao kama mwalimu msaidizi, asiye na cheti. Mwaka huo jina lake likatokea kwenye orodha ya waliochaguliwa chuo cha ualimu. Kilichobaki ni kuikubali nafasi mtandaoni kabla ya saa sita mchana, Ijumaa, la sivyo apewe mwingine. Nao mtandao ulikuwa na siku tisa umekufa. Malawi yetu haina bahari. Waya wa mtandao unaotoka baharini hupita kwanza kwa majirani, na huko tingatinga la barabara lilikuwa limeukata.

Jumatatu aliendesha baiskeli hadi wilayani kwa Bwana Mbewe, mshauri wa elimu. Fomu za karatasi za kukubali nafasi, ambazo mshauri hujaza kwa mkono, zilikuwa pale mezani, zimebanwa na jiwe. Bwana Mbewe akamwambia karatasi zimepitwa na wakati, aende mtandaoni kama wenzake. Falesi akapiga goti, akashukuru, akarudi.

Palibaki mahali pamoja tu: kichuguu kilicho katikati ya msitu wa makaburi, ambako simu hudaka mnara wa ng'ambo ya mpaka. Lakini Ijumaa hiyo alikuwa akizikwa mwalimu mkuu mstaafu, na kaburi likiwa wazi haingii mtu msituni ila wachimbaji. Falesi alijua kuwa saa tano hivi wachimbaji huenda msibani kula. Hakujua kwamba, kwa heshima ya marehemu, sima na mbuzi vilikuwa vimepelekwa kulekule shimoni.

Alivua viatu, akakaza chitenje kiunoni, akapanda. Ukurasa ukaanza kufunguka polepole, kiduara kikizunguka.

"Madamu, umekuja kuchimba na sisi, au umekuja kulala humu?" Alikuwa Gulule, mkuu wa wachimbaji, mafuta ya mbuzi yangali midomoni.

"Dakika mbili, baba Lojasi. Mbili tu."

Mpini wa jembe la Gulule ukampata kwenye kiwiko. Alisikia mfupa ukivunjika kama bua kavu la mahindi. Pigo la pili begani, la tatu mgongoni. Mchimbaji mwingine akamvuta mguu, Falesi akabingirika hadi chini, kinywa kimejaa udongo mwekundu. Simu wakaikanyaga kwa kisigino mpaka kioo kikawa unga. Kisha wakamburuta kwa chitenje chake hadi barabarani, mbele ya waombolezaji, wakidai faini ya mbuzi mwingine kwa kuvunja mwiko. Mzee mmoja akamtemea mate. Wanafunzi wake walikuwa wamesimama pale na sare zao.

Bwana Mbewe akashuka garini, hotuba ya mazishi mkononi. Akautazama ule mkono unaoning'inia, akaitazama saa yake. Saa sita kasoro dakika nane. Akamuuliza, kwa sauti ya kuhurumia mbele za watu, makaburini alikuwa anataka nini.

Falesi akatema udongo na jino. Akanyoosha mkono uliobaki mzima, akachomoa kalamu katika mfuko wa shati la mshauri, akamshikisha.

"Makaburini sikutaka kitu, bwana. Tangu Jumatatu nilitaka uniandike jina kwa hii."