Wimbo Uliorudiwa Mara Tisa

Jumamosi saa kumi jioni, Bi Querobina alikuwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa la Shule ya Mtakatifu Onofre, pini nne mdomoni, akishusha pindo la suruali ya mjukuu wake Velroy. Aliongeza vidole viwili. Tangu mazoezi yaanze, Velroy na mwenzake Joswin walikuwa wakiinuka kutoka sakafuni kila walipoimba pamoja, na mtu akiwa hewani soksi zake huonekana na kila mtu.

"Tulia, we mtoto. Mbona unatetemeka?"

"Naogopa, Bibi."

"Kupaa?"

"Aa, kupaa nimeshazoea. Namwogopa Padri."

Ilikuwa sikukuu ya msimamizi wa parokia, na hapo Goa, pwani ya India, sikukuu haiishi bila tiatr: igizo, na nyimbo mbele ya pazia. Safari hii wavulana hao wawili walikuwa wametunga wenyewe, kuhusu wavulana wawili wa shule ya Kikatoliki wanaopendana. Padri Remígio, mkuu wa shule, aliusoma mchezo wote akakata wimbo wa mwisho tu.

"Huo mkiuimba, mtihani wa Machi hamtaufanya hapa," aliwaambia kwa upole, akampa kila mmoja pipi.

Ulikuwa mtihani wa kumaliza shule. Joswin alikuwa ameshanunua kalamu sita.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Igizo lilipofika mwisho, mpiga tarumbeta aliwatazama wavulana, akasubiri.

"Tuache?" Joswin akanong'ona.

"Bibi ameshashusha pindo, bwana. Tukiacha ataniua."

Wakaimba. Ubeti wa kwanza waliinuka dhiraa moja. Ubeti wa pili walishikana mikono, wakafika usawa wa feni, na fundi umeme akaizima bila kuambiwa, wasije wakaumia. Watu wakapiga makofi.

Katika tiatr, wimbo ukipendwa watu huomba urudiwe, na mwimbaji hakatai, kama mgeni asivyokataa chakula cha harusini.

"Tena!" sauti ikaita kutoka safu ya mbele.

Alikuwa Padri Remígio. Alipenda tiatr tangu utotoni, na mdomo wake ulikuwa umemtangulia.

"Tena!" akaita tena, safari hii amesimama juu ya benchi, kanzu ameikunja mkononi. "Tena, wanangu!"

Waliurudia mara tisa. Kufikia mara ya tano, Shangazi Piedade wa safu ya nne aliinuka pamoja na kiti chake, akawaomba radhi waliokuwa nyuma kwa kuwaziba.

"Usijali, Shangazi," wakamjibu. "Sisi wenyewe tunakuja huko."

Mara ya tisa hakukuwa na mguu hata mmoja uliogusa sakafu, na sahani za sambusa za kamba zilipitishwa kutoka mkono hadi mkono chini ya paa. Wimbo ulipokwisha, watu walishuka polepole, wakatafuta viatu vyao, wakaenda nyumbani wakicheka. Velroy na Joswin tu ndio hawakushuka.

Jumatatu Padri alifungua kitabu cha sheria za shule. Kuhusu kupaa hakukuwa na sheria. Kuhusu wavulana kushikana mikono ilikuwepo.

Alasiri alifika kwa Bi Querobina, akafuta miguu mlangoni, akala vipande viwili vya keki ya nazi, akaisifu. Wavulana walikuwa bado wakielea hapo sebuleni, migongo imegusa vigae vya paa, wakisoma fizikia.

"Mlinifurahisha, wanangu," Padri akawaambia. "Sijapata kucheka vile tangu mama yangu afe."

"Kwa hiyo mtihani, Padri?" Joswin akauliza kutoka juu.

"Mtihani hapana."

Akatoa barua mbili za kuwafukuza. Mkono wake haukuwafikia, kwa hiyo akavuta kigoda, akapanda. Kigoda hicho kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Bi Querobina aliweka chini birika la chai, akakishika kwa mikono miwili, Padri asije akaanguka.