Kitendawili cha Bombani

Siti alifika kwenye nyumba ya kupanga saa kumi alasiri, kichwani ana ndoo mbili zilizopandana, ndani ya ile ya juu mna chandarua, nazi tatu, mbuzi ya kukunia na changu wawili waliotungwa kwa ukindu. Alitaka awahi kabla wageni hawajaanza kulalamika. Alichelewa. Mgeni wake, Grace, alikuwa amesimama barazani na simu mkononi, akilinganisha picha na nyumba.

"Siti dada yangu, bahari iko wapi?"

"Ipo. Ukipanda juu ya tangi utaiona."

Mume wa Grace, Jerome, alikuwa ameshapanda. "Naona mnara wa simu," alisema kutoka huko juu.

"Basi iko nyuma ya mnara."

Picha zilionyesha bwawa la kuogelea. Bwawa lilikuwepo, halina maji, na kuku alikuwa ameatamia humo. Mabomba ukiyafungua yalikohoa tu.

Siti aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Miaka tisa alikuwa akivuka mpaka kwenda Kenya kuuza korosho sokoni Voi, na miaka yote hiyo alilala kwa Grace, akila bila kuulizwa hata chumvi. Sasa mwenzake amekuja Kilwa Masoko kupumzika wiki moja, na nyumba hii ni yeye aliyemtafutia, maana kwake wajukuu wamejaa hadi jikoni.

Akatandika vitanda, akafunga chandarua, akaziba tundu la dirisha kwa kipande cha khanga. Kisha akaketi jikoni kukuna nazi.

Baada ya magharibi bomba la jikoni likasema, "Kitendawili!"

Siti aliijua sauti. Ilikuwa ya Mwanaima, jirani yake, aliyefariki Kitomanga mwaka juzi.

"Tega!" Jerome akajibu, kwa kuwa hata kwao kitendawili hakiachwi kikining'inia.

"Nilikiacha kitupu, nimekikuta kimeota. Mmoja kapanda, mmoja kamwagilia."

"Kidevu," alisema Jerome, akishika ndevu zake.

"Kitalu cha mchicha," alisema Grace.

Bomba lilikuwa linamngoja Siti. Siti aliendelea kukuna, macho chini, mpaka nyama ya nazi ikaisha na kifuu kikaanza kutoa unga.

"Nipeni mji," likasema bomba.

Hiyo ndiyo desturi: ukishindwa, unatoa mji. Grace alikuwa na vumbi la safari mwilini na hamu ya kuoga, hakufikiri sana. "Haya, chukua Voi."

"Voi nimeipokea."

Maji yakatoka, ya baridi, mengi. Anayepewa mji hutoa jibu, lakini Mwanaima hakulitoa. Alisema mwenye jibu yumo humo jikoni.

Asubuhi Grace alimpigia simu binti yake, Yustina. Simu ikasema namba hiyo haipo. Akatazama kitambulisho chake. Mahali pa kuzaliwa palikuwa peupe. Siti akampeleka kituo cha mabasi kuulizia basi la Voi. Karani aliwaamkia shikamoo, akafungua daftari, akalipekua taratibu.

"Mombasa ipo, mama. Nairobi ipo. Hapo katikati ni barabara tu."

Walirudi kwenye nyumba. Grace akakaa ukingoni mwa bwawa, karibu na kuku.

"Siti, nina mtoto kule," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi. "Na yule wa bombani unamjua. Jana umekuna nazi mpaka kifuu."

Siti aliinuka akaenda kwa mwenye nyumba, bwana Boniface, akamweleza kwamba Mwanaima yumo bombani.

"Maji yanatoka?" aliuliza Boniface.

"Yanatoka."

"Sasa shida iko wapi, Bi. Siti? Usinichafulie wageni." Akamtazama kidogo, akitabasamu. "Bati zako hazivuji, sivyo?"

Hazikuwa zikivuja. Msimu mmoja Mwanaima alikwenda Kitomanga kuokota korosho, kama watu wote wanavyokwenda, mlango wa kibanda chake kaufunga kwa kamba. Mvua ikakiangusha kibanda. Boniface akaja na karatasi inayotaka sahihi ya jirani wa mpaka, kwamba kiwanja ni pori na hakina mwenyewe. Siti alisaini kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la saba. Wiki iliyofuata bati ishirini zikashushwa mlangoni kwake. Mwanaima aliporudi alikuta msingi wa nyumba hii ya kupanga umeshachimbwa. Akageuka na mkeka wake kichwani, akarudi alikotoka.

Jioni ile Boniface alikuja kujionea mwenyewe, akasimama mlangoni mwa jikoni. Bomba likatega kile kile. Jerome alijibu "tega" kwa sauti ndogo. Grace hakubahatisha. Alimtazama Siti, kitambulisho mkononi.

Siti akaweka mbuzi ya nazi chini.

"Kiwanja cha Mwanaima," alisema. "Boniface kapanda. Mimi nimemwagilia."

"Umepata," likasema bomba, kwa upole, kama enzi zile walipokuwa wakitwanga kinu kimoja.

Simu ya Grace ikalia. Ni Yustina, anauliza ufunguo wa kabati umewekwa wapi. Grace akamwelekeza, akakata simu, akakaa na kutazama sakafu.

"Ahsante, Bi. Siti," alisema. Hakumwita dada tena, siku ile wala siku sita zilizofuata.

Kesho yake Boniface alileta karatasi na kalamu. Leo karatasi hiyo ipo ukutani juu ya bomba, ndani ya plastiki, pembeni ya neno la siri la intaneti:

"Mgeni mpendwa, maji hutoka baada ya kitendawili. Jibu: Kiwanja cha Mwanaima, Boniface kapanda, Siti kamwagilia. Tafadhali usitoe mji."

Aliyeandika ni Siti. Boniface alimwambia kwamba mtaa mzima hauna jirani mwenye mwandiko kama wake.