Tela Baya la Nahodha

Boti ilikuwa imekalia matairi makuukuu uani, pua yake imeelekea getini kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini hajapata usafiri. Mkunga mstaafu aliizunguka, akaigonga ubavuni, akaguna. Haikuwa mbaya kwa boti iliyokwisha kutumiwa na wengine. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Nahodha ingawa maisha yake yote alikuwa karani, alikuwa akicheka peke yake tangu alipoileta.

Lakini macho ya Nahodha yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Usukani wa pikapu yao sasa ulikuwa wa mkewe, na mteremko wa kwenda ziwani, wenye kona kali na soko chini yake, ulikuwa wake pia.

Kwa fundi wa kuchomelea, walikokwenda kutafuta tela la kuivutia boti, walikuta matela mawili. Moja lilikuwa jepesi, la buluu ya kung'aa, lenye jozi moja ya magurudumu. Jingine lilikuwa pana, limebabuka rangi, lina jozi mbili za magurudumu na breki zake lenyewe.

"Hili," alisema Nahodha akilipapasa la buluu. "Linaendana na boti. Lile jingine utadhani kitanda cha hospitali."

"Navijua vitanda vya hospitali," mkewe akajibu. "Havijawahi kuniangushia mzazi hata mmoja." Akamgeukia fundi. "Hili la buluu litaibeba boti na injini yake, na tangi limejaa?"

"Boti tupu, litajitahidi," fundi akasema. "Ukiongeza hayo mengine, mama, kwenye mteremko litakusukuma wewe."

Katika chumba cha kuzalishia, neno lake lilikuwa la mwisho. Nyumbani aliacha mambo yapite: rangi ya kuta, shule za watoto, safari. Si kwamba alimwogopa mumewe. Kunyamaza tu kulikuwa njia fupi ya kuifikia amani. Leo njia hiyo ilipita kwenye ule mteremko.

"Baba," akamwambia mumewe, "mimi ndiye nitakayeshuka nalo. Nataka hili baya."

Nahodha aligeuka, akaitafuta sura ya mkewe. "Unaogopa?"

"Naogopa tangu siku ulipoileta hiyo boti."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi, na ulivyokuwa ukicheka?"

Mkono wa Nahodha ulikuwa bado juu ya chuma cha buluu. Kisha akauondoa. "Fundi, tufungie kitanda."

Jumamosi waliteremka. Kwenye kona ya mwisho, lori la matofali lilisimama ghafla mbele yao. Mkunga alikanyaga breki, akakaza mgongo kuungoja uzito wa boti. Haukuja. Nyuma yake breki za tela ziliuma, magurudumu yakalia, kila kitu kikatulia.

"Tumesimama?" Nahodha aliuliza, ameng'ang'ania mlango.

"Tumesimama." Akashusha pumzi, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na dereva wa lori akachungulia kuona kulikoni.

Ziwani Mkunga alilirudisha tela kinyumenyume hadi majini polepole, boti ikajiinua yenyewe, ikaelea. Nahodha alishika usukani wa boti. Mkewe aliketi mbele.

"Mbele kuna nini?" Nahodha aliuliza.

"Maji," mkewe alisema.

Nahodha aliwasha injini.

"Na ndege mmoja mweupe," akaongeza. "Haya, ameruka. Nenda."